Mkeka Usiolaliwa

Leo nitaeleza mambo mawili ambayo mgeni ashukaye Kilwa Masoko au Lindi huyastaajabia upesi: mapenzi ya watu kwa mpira, na kamari iandamanayo nayo.

Hajapata kupumzika, huulizwa: "Wewe ni Simba au Yanga?" Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote mbili Dar es Salaam. Hata mvuvi wa Kilwa Kivinje asiyepata kuuona mji ule ana upande wake: wekundu na weupe wa Simba, au kijani na manjano ya Yanga. Mkoa wa Lindi una timu yake, Namungo ya Ruangwa, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Hata hivyo swali lile halikufutika.

Ushindani huu ni utani. Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1, Novemba 2023, walioshinda walicheka sana. Nao wa Simba wana jibu lao, yaani mabao 6 kwa bila ya mwaka 1977. Achekaye leo ajua kesho atachekwa, wala hapana afilisikaye kwa kuchekwa.

Lakini uko mkeka. Sisemi ule wa ukindu wasukao mama zetu. Huu ni orodha ya mechi ambazo mtu hubashiri matokeo yake na kuziwekea fedha. Ikikosewa moja tu, mkeka wote "umechanika." Sheria ya mwaka 2003 yaruhusu michezo hii, ila kwa waliotimiza miaka 18.

Tufanye hesabu. Chukua mechi 5, na killa moja bahati yako ya kupatia ni nusu. Kupatia zote ni mara 1 katika 32. Kama malipo yangekuwa ya haki, shilingi 1,000 ingezaa 32,000. Lakini mwenye mchezo akilipa 1.8 kwa killa mechi badala ya 2, utapata 18,895 tu. Basi ukicheza mara 32 umetoa 32,000, na kwa wastani umerudishiwa 18,895. Zilizobaki ni zake, ashinde Simba, ashinde Yanga.

Mpira hauna kosa. Mshabiki aliyeshindwa hurudi nyumbani na huzuni, na unga wake mkononi. Mwenye mkeka uliochanika hurudi na huzuni peke yake, na watoto wamngoja. Mkeka wa ukindu, ukichakaa, angalau umelaliwa.