Sahani ya mchana kando ya njia za mlimani

Sehemu kubwa ya fedha za utalii wa Mlima Kilimanjaro hupita kijijini bila kusimama. Ada hulipwa hifadhini, gari hukodiwa Moshi au Arusha, na vitanda viko hotelini. Kipande ambacho mwanakijiji anaweza kukishika kwa mtaji wa sufuria chache na jiko ni chakula cha mchana. Hicho nacho, kwenye njia nyingi, bado kinamponyoka.

Chukua mfano wa Marangu. Mgeni wa siku moja huanzia getini, kwenye mita 1,870 hivi, hupanda msituni hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, kisha hurudi. Aliyeanza saa tatu asubuhi anaweza kufika chini saa tisa au saa kumi. Boksi la chakula lililofungwa mjini alfajiri, kuku, yai, ndizi na juisi, limeliwa zamani. Njaa anayoshuka nayo ndiyo yenye biashara, lakini mapishi ya mama lishe hufuata saa za madereva na wapagazi. Mgeni akifika, wali umekwisha na moto umezimwa, basi anapanda gari kwenda kula Moshi, umbali wa kilomita 40 hivi.

Materuni, juu ya mji wa Moshi, wamelitatua jambo hili kwa kuliuza kama sehemu ya safari. Mgeni hutembezwa hadi kwenye maporomoko, hurudi kutwanga na kukaanga kahawa pamoja na wenyeji, kisha hula hapo hapo: ndizi, wali, mboga za majani, maharage. Idadi ya walaji hujulikana mapema, hivyo mpishi hakisii wala hamwagi chakula. Ndizi na kahawa zimetoka kwenye kihamba kilekile, yaani shamba la kando ya nyumba, na bei imeshakubaliwa kabla mtu hajavaa viatu vya kupandia.

Lushoto, katika milima ya Usambara, kuna mfano mwingine. Shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, liko njiani kuelekea ukingo maarufu wa kutazamia nyika iliyo chini. Huuza mkate, jibini, jemu na juisi vya kwao wenyewe. Hakuna cha kusubiri jikoni. Vyakula hivi huandaliwa mapema, na mtembeaji aliyefika bila taarifa hakosi kitu.

Mifano hii miwili inafundisha kwamba faida inategemea muda kuliko ukubwa wa jiko. Kuku wa kienyeji anayechinjwa baada ya oda humchosha mtu aliyetembea saa tano. Mtori, kwa upande wake, hukaa moto sufuriani mchana kutwa, hushibisha, na malighafi yake iko mgombani. Chapati na maharage ni hivyo hivyo. Banda lenye vyakula vya aina hii laweza kumhudumia mteja wa saa saba na wa saa kumi bila kuongeza gharama kubwa.

Mbali na muda, wa kuzingatia katika hesabu ni mwongoza watalii. Yeye ndiye anayejua njia na ndiye anayeamua gari lisimame wapi. Mwenye banda anayemwachia namba ya simu, akapokea oda asubuhi wakati kundi linaanza kupanda na malipo ya awali kwa simu, amepata soko bila kulipia tangazo. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, wageni wanapopungua, wanafunzi, kwaya na wafanyakazi wa ofisini wanaopanda wikiendi wanaweza kuziba pengo, mradi bei iandikwe ukutani na iwe moja kwa wote.

Yaliyobaki hayawezi kufanywa na mpishi peke yake. Choo safi, maji ya kunawa na kivuli chenye benchi ni kazi ya kijiji na halmashauri, na ni gharama ndogo ikilinganishwa na barabara au geti jipya. Kampuni za Moshi nazo zingeweza kuacha kufunga boksi kwa safari fupi na kununua mlo huo njiani. Mgeni angekula chakula cha moto, na fedha ingelala kwenye kijiji kinachoutunza msitu aliopita.