Maswali 20, jina moja: namna ya kucheza mu grupu bila kugombana

Saa mbili za mangaribi, mutu mumoja anaandika mu grupu ya WhatsApp: «Niko na jina.» Pale pale simu zinaanza kulia. Ni marafiki waliosoma pamoja, lakini leo wametawanyika: mumoja yuko Bukavu, mwingine Lubumbashi, mwingine alivuka mpaka kwenda Bujumbura kutafuta maisha. Kukaa tena kwenye benchi moja ni vigumu. Kutafuta jina moja, hiyo inawezekana.

Muchezo wenyewe ni rahisi. Mumoja anaficha jina la mutu anayejulikana: mwimbaji, muchezaji wa mupira, mwanasiasa, munganga. Wengine wanauliza, naye anajibu kwa neno moja tu, ndiyo ao hapana. Wako na maswali 20. Anayepata jina njo anaficha lingine. Wote wakishindwa, aliyeficha anaendelea.

Muchezo huu si wa leo. Radio iliujua mbele ya simu: munamo mwaka wa 1946, huko Marekani, ulianza kupita kwenye antena kwa jina la Twenty Questions, na mwaka uliofuata BBC nayo ikauchukua. Munamo 2007, Wafaransa walileta Akinator, ile programu yenye jini anayeuliza maswali mpaka anataja mutu unayemuwaza.

Juu ya nini maswali 20 yanatosha? Ni hesabu. Swali nzuri linagawa majina yote mara mbili, nusu huku na nusu kule. Kwa maswali 10 unaweza kutenganisha majina 1.024. Kwa maswali 20, majina 1.048.576. Kwa hiyo anayeanza kwa kuuliza «Ni Papa Wemba?» anapoteza swali zima kwa kuondoa mutu mumoja tu. Anayeuliza «Yuko hai?» anaondoa watu wengi kwa mara moja.

Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya kitu kimoja: aliyeficha ajibu ukweli. Na hapa njo magrupu mengi yanaanguka, mara nyingi bila mutu kuwa na nia mubaya.

Chukua mufano wa Patrice Lumumba. Rafiki anauliza: «Alikuwa raisi wa inchi?» Aliyeficha jina anajibu haraka: «Ndiyo.» Kumbe hapana. Munamo 1960 Lumumba alikuwa waziri wa kwanza. Raisi alikuwa Joseph Kasa-Vubu. Tangu lile jibu, wote wanamuacha Lumumba na wanatafuta fasi ambako hayuko. Maswali 15 yanayobaki hayawasaidie kitu. Mufano mwingine ni Dikembe Mutombo, yule Mukongomani mukubwa wa basketi. «Yuko hai?» Kuna mutu atajibu ndiyo, kwani hakusikia kama alikufa tarehe 30 Septemba 2024. Jibu moja la uongo linaharibu yote yanayofuata, hata kama yale mengine ni ya kweli.

Njo maana magrupu yenye kudumu yanajiwekea sheria ndogo ndogo. Ya kwanza: usifiche jina la mutu ambaye haujui vizuri maisha yake. Ya pili: kama haujui jibu, andika «sijui», na lile swali lisihesabiwe. Ya tatu: mbele ya kuanza, tuma jina kwa rafiki mumoja asiyecheza, kusudi mutu asisingiziwe kama alibadilisha jina katikati. Ya ine: kila swali lipewe namba, na jibu liandikwe juu ya ujumbe wenyewe wa swali. Rezo yetu munaijua; ujumbe unaweza kuchelewa, na «hapana» ya swali la 6 ikaonekana kama ni ya swali la 8. Tena andikeni tu, musitume sauti wala picha. Maandishi hayakule mega nyingi.

Kuna sheria ya tano, na hapa kwetu ni ya maana kupita zote. Swali la kabila liachwe. Mutu anaweza kuliuliza bila ubaya, kwa kutaka tu kupunguza majina: «Ni wa kabila fulani?» Lakini mu grupu muko watu wa kila upande. Mumoja anajibu hapana, mwingine anauliza juu ya nini mutu huyo anahesabiwa kule, wa tatu anatoka mu grupu. Swali lilikuwa la kugawa majina, sasa limegawa marafiki. Jimbo alikozaliwa, kazi aliyofanya, miaka aliyoishi: hayo yanatosha kumupata mutu yeyote.

Mara nyingine kizuizi si jibu, ni mawazo ya wanaouliza. Jina limefichwa. Yuko hai? Hapana. Ni Mukongomani? Ndiyo. Alikuwa mwanamuziki? Hapana. Alikuwa mu siasa? Ndiyo. Hapo wote wanakimbia: Lumumba? Hapana. Kasa-Vubu? Hapana. Mobutu? Hapana. Tshombe? Hapana. Maswali yanaisha moja kwa moja, na hakuna aliyefikiri kuuliza kama ni mwanamume ao mwanamuke.

Jina lilikuwa Sophie Kanza. Munamo 1964 alikuwa Mukongomani mwanamuke wa kwanza kumaliza masomo ya chuo kikuu, na munamo 1966 akawa mwanamuke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu. Swali moja tu, «Ni mwanamuke?», lingewafikisha karibu yake. Halikuulizwa kwa sababu kila mumoja alikuwa amekwisha kulijibu mu kichwa chake.

Ni tabia ile ile inayotuangusha wakati habari ya kutisha inaingia mu simu: tunajibu mbele ya kuuliza. Nani aliona? Siku gani? Fasi gani? Grupu lililozoea kuuliza hivi juu ya jina la muchezo halishindwe kuuliza hivi juu ya habari hiyo, mbele mutu hajaituma kwa wengine.