Gharama ya Matibabu Haiishii Dirishani

Mkazi wa kata ya Lusu, wilayani Nzega, anapouguliwa na mtoto ana njia kadhaa mbele yake. Ipo zahanati ya karibu, upo mji wa Nzega na hospitali yake ya serikali, ipo Hospitali ya Ndala ya Kanisa Katoliki humo humo wilayani, ipo Hospitali ya Rufaa Nkinga ya kanisa la FPCT katika wilaya jirani ya Igunga, na mambo yakizidi ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, mjini Tabora. Anapochagua hulinganisha mambo matatu: atamkuta nani, atatoa shilingi ngapi, na waliotibiwa kabla yake wanasemaje. Wataalamu na watawala tumezoea kuyatenganisha. Ikama hujadiliwa na maofisa utumishi, bei hujadiliwa na wahasibu na watu wa bima, na kuridhika kwa mgonjwa huachiwa sanduku la maoni lililotundikwa ukutani. Hoja yangu ni kwamba matatu hayo ni hesabu moja. Gharama anayobeba mgonjwa huamuliwa kwanza na mhudumu aliyepo, au asiyepo, kwenye kituo cha karibu, na maelezo ya mgonjwa, akiulizwa ipasavyo, ndiyo yanayotuonyesha hesabu hiyo imefungwa vipi.

Wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19 walilijua vizuri jambo la namna hii. Bei ya jora la kitambaa pale Bagamoyo ilikuwa sehemu tu ya gharama yake hadi lifike Unyanyembe au Ujiji, kwa sababu ulikuwepo ujira wa wapagazi, posho ya njiani na hongo kwa watemi ambao nchi zao msafara ulipita. Matibabu nayo yana safari yake. Kwanza ni ada ya kumwona mganga, ambayo kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kwenye kituo cha serikali kisera haipo. Kisha nauli ya bodaboda, dawa iliyokosekana dirishani ikanunuliwa kwenye duka la dawa muhimu, chakula cha anayeuguza, siku za palizi zilizopotea, na safari ya pili au ya tatu ugonjwa usipopona. Ada imeandikwa kwenye ubao, lakini yote yaliyobaki hayaandikwi popote, nayo huongezeka kila mara kituo cha kwanza kinaposhindwa kumaliza kazi. Kwa hiyo zahanati isiyotoza kitu, ikiwa haina mtu wa kupima wala dawa ya kutoa, inaweza kuwa ndiyo ghali kuliko zote katika kata.

Historia ya nchi yetu inathibitisha hilo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilijenga zahanati nyingi vijijini na kutoa huduma bila malipo; mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku kwa sheria. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, majengo yalibaki lakini dawa na vifaa vikaadimika. Mwaka 1991 milango ya sekta binafsi ikafunguliwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za umma, kukiwa na msamaha kwa makundi kama wajawazito, watoto wadogo na wasio na uwezo. Hatua iliyofuata ilianzia hapa hapa Tabora. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilichaguliwa kufanyia majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii, ambapo kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka mzima na mfuko ukaongezewa fedha kwa utaratibu wa tele kwa tele, yaani kila kilichochangwa kikaongezewa kiasi hicho hicho. Mwaka 2001 mfuko huo ulipata sheria yake ukaenezwa nchini. Hata hivyo idadi ya wanachama haikufikia matarajio katika wilaya nyingi. Wapo walioshindwa kulipa kwa umaskini, na hilo lisipuuzwe. Lakini watafiti waliowahoji wananchi walikuta pia sababu nyingine zikijirudia: dawa hakuna, huduma ni duni, wasimamizi wa fedha hawaaminiki. Watu walipima walichokuwa wanakinunua wakaona kadi haina mzigo nyuma yake. Bei ndogo haikutosha kuwashawishi.

Mzigo huo ni watumishi kwanza. Ikama iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya wasiopungua 39. Anayezifahamu zahanati za vijijini anajua kwamba nyingi huendeshwa na watu wachache mno kuliko hapo, wakati mwingine tabibu mmoja, muuguzi mmoja na mhudumu wa afya. Mkoa wa Tabora umekuwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa yenye watumishi wachache wa afya kwa idadi ya watu, na idadi hiyo ya watu haisimami. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani. Ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Ndani ya miaka 10 mkoa umeongeza zaidi ya wagonjwa watarajiwa milioni moja, na kila jengo jipya tunalolizindua linahitaji watu wa kulala zamu ndani yake.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapokuja, na linatoka kwa watafiti makini. Mwaka 2010 Mæstad, Torsvik na Aakvik walichapisha utafiti uliofuatilia matabibu 159 katika vituo 126 vya vijijini Tanzania, kwenye mashauriano 2,095 na wagonjwa. Walitarajia kukuta kwamba penye foleni ndefu mgonjwa huchunguzwa kidogo. Hawakukuta uhusiano huo. Matabibu wengi walikuwa na muda uliobaki, na bado hawakuwachunguza wagonjwa inavyotakiwa. Watafiti wakahitimisha kwamba kuongeza idadi ya watumishi peke yake hakuelekei kuinua ubora. Anayedai watumishi waongezwe hana budi kulijibu jambo hili kwa uaminifu.

Mimi nalikubali kwa upande mmoja. Chukua mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye homa na kikohozi. Mwongozo wa matibabu ya watoto unataka mama aulizwe kama mtoto ananyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Apimwe malaria kwa kipimo cha haraka. Kisha nguo ifunuliwe na pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, kwa sababu pumzi 40 au zaidi kwa umri huo ni dalili ya nimonia. Dakika moja hiyo haihitaji mashine ya bei mbaya wala mtumishi wa ziada. Inahitaji mtu anayejua kwa nini anahesabu na mwenye msimamizi atakayemuuliza kama amehesabu. Ikirukwa, mtoto huweza kurudishwa nyumbani bila dawa ya nimonia, na baada ya siku mbili mama yuko juu ya bodaboda kuelekea mjini na mtoto anayehema kwa shida. Familia imelipa nauli, kitanda na sindano kwa sababu ya dakika moja iliyokosekana.

Lakini utafiti ule ulihusu wagonjwa wa nje, wanaoingia mmoja mmoja mchana. Tuutazame usiku wa kujifungua. Mtoto amezaliwa na halii. Ana dakika moja tu ya kusaidiwa aanze kupumua. Wakati huo huo mama anahitaji sindano ya kuzuia damu kuvuja, tumbo lake lishikwe, damu itazamwe. Mkunga akiwa peke yake lazima achague amwache nani. Hakuna semina wala nidhamu inayoweza kumpa mikono minne. Kwenye wodi hali ni hiyo hiyo. Utafiti mkubwa wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la The Lancet, ulikusanya taarifa za wagonjwa 422,730 wa upasuaji katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, ukakuta kwamba kila muuguzi anapoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 hupanda kwa asilimia 7. Basi tafiti hizi mbili hazigombani. Ya kwanza inatuambia kwamba wastani wa watumishi kwa mwaka hautoshi kutueleza ubora. Ya pili inatuambia kwamba zipo saa na kazi ambazo uchache wa watu unaua. Tunapolinganisha vituo tuulize nani alikuwa zamu usiku, ana ujuzi gani na nani anamsimamia.

Pingamizi la pili ni kwamba mgonjwa si mtaalamu, hivyo kuridhika kwake kusitiliwe maanani. Wanaosema hivyo wana ushahidi wa kuegemea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, ulioongozwa na Joshua Fenton kwa watu wazima zaidi ya 50,000, ulikuta kwamba walioridhika zaidi na madaktari wao walitumia fedha nyingi zaidi na walikuwa na vifo vingi zaidi. Hatari hiyo hata kwetu ipo: wapo wanaoamini kwamba bila sindano hawajatibiwa, na tabibu anayetafuta sifa atawachoma. Lakini ushahidi wa karibu na nyumbani unaelekea kwingine. Kenneth Leonard alifanya utafiti mkoani Arusha ambako matabibu walijitahidi zaidi pale watafiti walipofika kuwatazama. Wagonjwa wao, ambao hawakufundishwa udaktari, waliyaona mabadiliko hayo: ubora ulipopanda, kuridhika nako kulipanda. Na huko Kasulu, mkoani Kigoma, Margaret Kruk na wenzake waliwauliza zaidi ya wanawake 1,000 wangependa kujifungulia mahali pa namna gani. Kilichowavuta kuliko vingine ni mhudumu mwenye heshima, pamoja na uwepo wa dawa na vifaa. Umbali na gharama vilikuwa na uzito mdogo zaidi. Watafiti walikadiria kwamba mambo hayo yakirekebishwa, wanaopendelea kujifungulia kituoni wangepanda kutoka asilimia 43 hadi 88. Wanawake hao wa magharibi ya Tanzania hawakuomba anasa. Walitaja vitu ambavyo mkaguzi wa wizara naye angevikagua.

Jawabu basi ni kubadili swali. Tukimuuliza mama mlangoni kama ameridhika, atasema ndiyo, kwa adabu au kwa hofu kwamba atarudi kesho. Tumuulize yaliyotendeka: mtoto alivuliwa nguo akachunguzwa? Ulielezwa anaumwa nini? Dawa zote ulizoandikiwa umezipata hapa hapa? Ulisemeshwa vipi? Jumla umetumia kiasi gani tangu ulipotoka nyumbani? Majibu ya namna hiyo hayawezi kununuliwa kwa sindano, na yanamweka mtumishi, gharama na heshima kwenye karatasi moja.

Wengine watasema ulinganisho huu utazionea hospitali za umma, maana za mashirika ya dini hutoza zaidi na hivyo zina uwezo. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hospitali ya rufaa hupokea waliozidiwa, kwa hiyo vifo vyake haviwezi kulinganishwa na vya zahanati. Na hospitali nyingi za kanisa hushirikiana na serikali kwa mikataba, zikiwa na watumishi wanaolipwa na hazina. Tulinganishe zahanati na zahanati, nimonia na nimonia. Lakini tusiikimbie hesabu yenyewe, kwa kuwa tunao ushahidi kwamba vituo vya umma vikipimwa hubadilika. Zahanati na vituo vya afya vilipopimwa ubora na kupewa nyota kwa mara ya kwanza mwaka 2015/16, takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Viliporudiwa 2017/18, vya aina hiyo vilikuwa vimebaki vichache sana. Mwaka huo huo wa fedha serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mganga mfawidhi na kamati yake wakapata cha kupangia. Takwimu za kitaifa nazo zimesogea: kati ya utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 na ule wa 2022, wanawake wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, na makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mafanikio hayo ni ya kweli, nayo yanaongeza wajibu. Tumewashawishi wanawake waje. Sasa lazima wakute mikono ya kutosha usiku.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na mjadala mwingi umekuwa juu ya kiwango cha mchango. Igunga ilikwisha kutufundisha kwamba mwananchi hulipia huduma anayoiona. Kwa hiyo naziomba halmashauri za Tabora, kuanzia Nzega, zibandike kila robo mwaka kwenye ubao wa kila kituo mambo matatu pamoja: watumishi waliokuwepo kwa kila zamu, wastani wa fedha alizotumia mgonjwa tangu nyumbani hadi kupona, na majibu ya wagonjwa kwa maswali yale matano. Nawe msomaji, mkutano wa kijiji ukiitishwa na zahanati ikatajwa, usiishie kuuliza jengo litakamilika lini. Uliza nani atalala zamu humo.