Kuta nene na majengo ya uani: namna ya kuifikisha waifai isikofika

Huduma kadhaa ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa Magoma kupanda gari hadi Korogwe sasa huombwa kwa njia ya mtandao. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, kikundi kinachotafuta zabuni za umma hujisajili katika mfumo wa NeST, na kijana anayeomba kazi serikalini hupakia vyeti vyake katika mfumo wa ajira. Kaya inayojikusanya ikanunua ruta ya laini, basi, haikununua anasa. Lakini malalamiko yanafanana karibu kila mahali: sebuleni intaneti inakwenda vizuri, jikoni inayumba, na katika chumba cha uani, ambacho aghalabu ndicho walichopewa vijana wasomee, haipo kabisa.

Wengi huchukua hatua moja kati ya mbili. Wapo wanaonunua kifurushi kikubwa zaidi, na wapo wanaonunua kifaa kingine dukani. Kifurushi kikubwa hakipenyi ukuta, na kifaa kilichonunuliwa kabla ya kujua kasoro iko wapi kwa kawaida huishia juu ya kabati. Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi: simu ikipoteza waifai hurudi kimyakimya kutumia kifurushi cha laini iliyomo ndani yake, na mwenye nyumba hujikuta akilipia mtandao mara mbili.

Ni vema kutambua kwanza kwamba mawasiliano ya nyumbani husafiri safari mbili. Safari ya kwanza ni ya kutoka mnara wa kampuni ya simu hadi kwenye ruta. Ya pili ni ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au kompyuta, na hii ndiyo waifai. Kuzitenganisha hakuhitaji fundi. Simama hatua moja tu kutoka ilipo ruta na ufungue ukurasa wowote. Ukisuasua hata hapo, waifai haina kosa. Mnara hauifikii ruta ipasavyo, au mnara umeelemewa na watumiaji. Ukifunguka mara moja hapo lakini ukagoma uani, kasoro imo katika safari ya pili.

Tuanze na ile ya kwanza, kwa kuwa bonde letu lina hali yake. Magoma imo katika bonde la Lwengera, kati ya Usambara Mashariki na Usambara Magharibi, na mawimbi ya simu hayapindi mlima kwa urahisi. Nyumba mbili za jirani zinaweza kupata mawimbi tofauti kabisa kwa sababu moja inauona mnara na nyingine imekingwa na kilima au na miti mikubwa. Ndani ya nyumba, bati la paa na nondo za zege huyarudisha mawimbi, ilhali ukuta mnene wa mawe au wa tofali huyanyonya. Kwa sababu hiyo ruta ya laini haipaswi kukaa katikati ya nyumba nyuma ya televisheni, ingawa hapo ndipo inapopendeza. Iwekwe karibu na dirisha linaloelekea mnara, juu kiasi cha kimo cha mtu, mbali na friji na kabati la chuma. Ihamishe dirisha hadi dirisha na kila mahali uipe dakika chache kabla ya kupima kasi. Tofauti huwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa ruta ina tundu za antena ya nje, antena iliyofungwa juu ya mlingoti na kuelekezwa kwenye mnara huweza kuiokoa nyumba ambayo ukuta wake umeshindikana, alimradi waya wake uwe mfupi, maana kila mita ya waya hula sehemu ya kile antena ilichokipata.

Tahadhari inahitajika kuhusu vikuza mawimbi vya simu vinavyouzwa bila kibali. Kifaa cha namna hiyo kikifungwa vibaya huuvuruga mnara wenyewe, na kijiji kizima kikakosa mawasiliano kwa ajili ya nyumba moja. Vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na muuzaji aombwe kuonesha hivyo.

Sasa safari ya pili. Waifai hutumia hasa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta, ya 2.4 ni ya polepole lakini hupenya na kufika mbali. Ruta nyingi za sasa hutoa yote mawili, mara nyingine kwa majina mawili tofauti, na mtu aliye uani akichagua lile la gigahezi 5 kwa kusikia kwamba ndilo bora, amejinyima mwenyewe. Aliye sebuleni atumie la 5. Aliye mbali atumie la 2.4.

Kuta nazo zinatofautiana. Mlango wa mbao na dari ya mbao havina shida kubwa. Tofali la kuchoma hupunguza kiasi, na saruji yenye nondo hupunguza sana. Nyumba ya miti na udongo, ambayo bado zipo nyingi, hupitisha vizuri wakati wa kiangazi lakini ukuta wake ukilowa wakati wa masika hupitisha kidogo, kwa kuwa maji hunyonya mawimbi. Nyumba za zamani za mawe, zenye kuta nene, ni baridi na zinapendeza kuishi, ila kila chumba kwa waifai ni kisiwa. Ghala au banda lililozungushiwa bati pande zote ni gumu kuliko yote: mawimbi huingia kwa mlangoni na dirishani tu. Mawimbi yanayopita ukuta kwa mshazari hupita unene mkubwa zaidi kuliko yanayoupita moja kwa moja, kwa hiyo wakati mwingine kuisogeza ruta mita mbili ili ielekeane na mlango wa jengo la pili kunatosha.

Kusogeza kukishindwa, wengi hununua kirudia mawimbi, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi. Kinafaa, lakini hukosewa mahali. Kikiwekwa palepale pasipo na mawimbi hakina cha kurudia. Kinatakiwa kukaa katikati ya njia, ambako mawimbi bado yana nguvu. Na kwa kuwa vile vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa zamu katika masafa yaleyale, kasi hushuka hadi karibu nusu.

Kwa maoni yetu, kwa jengo la uani linalotumika kila siku, waya ndiyo suluhisho. Waya wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100 bila kupoteza kasi, na upande wa pili huwekwa ruta nyingine, hata ya zamani, iliyozimwa kazi yake ya kugawa anwani ili ruta kuu ibaki ndiyo pekee inayogawa. Ipewe jina na nywila zilezile, na simu zitahama zenyewe mtu anapotoka nyumba moja kwenda nyingine. Unaponunua waya, uliza kama ni shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi lakini hukatika upesi na hupoteza nguvu. Ule wa nje uwe wa kuhimili jua, na upitishwe chini ya ardhi ndani ya bomba la plastiki.

Hapa hakuna mzaha: waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia ya radi. Usifungwe kwenye bati wala kuandamana na waya wa umeme, uwekewe kinga ya radi pande zote mbili yenye waya wa kwenda ardhini, na mvua ya ngurumo ikikaribia uchomolewe kabla haijafika. Ngurumo zikishaanza, usiuguse. Asiyeweza kutimiza hayo afadhali atumie jozi ya redio za nje zinazotazamana, ambazo huunganisha majengo bila waya kati yao, alimradi kila jengo liwe na umeme.

Yapo maeneo ambayo hata ukisimama nje, mahali pa wazi, simu haipati mtandao. Hilo halirekebishwi na mwenye nyumba. Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Wananchi wa kitongoji chenye hali hiyo wawasilishe taarifa kwa maandishi kwa Mtendaji wa Kijiji, wakitaja jina la kitongoji, kampuni za simu zilizojaribiwa, na idadi ya kaya, shule au zahanati zinazoathirika.