Utangulizi: Baada ya Hukumu Kusomwa

Tarehe 24 Agosti 1988, wilayani Muleba mkoani Kagera, Holaria Pastory aliuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Uzee ulikuwa umemwelemea na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, mtu asiye wa ukoo ule, alilipa shilingi 300,000. Kesho yake ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kupinga mauzo. Hoja yake ilikuwa fupi: mila ya Kihaya, kama ilivyoandikwa katika Tangazo la Sheria za Mila la 1963, inampa mwanamke haki ya kuitumia ardhi ya ukoo maadamu yu hai, lakini haimpi haki ya kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini Tanzania ameisoma: tangu Tamko la Haki lilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984, mila inayombagua mwanamke haina nguvu mbele ya Tamko hilo. Mauzo yalikuwa halali. Mwanaukoo anayeitaka ardhi amrudishie mnunuzi fedha yake, shilingi 300,000, ndani ya miezi sita.

Vitabu vingi vya sheria humalizia hapo. Uwanja ninaokukaribisha unaanzia hapo.

Sisi tunauliza nini kiliwapata watu baada ya jaji kufunga jalada. Je, ukoo ulilipa? Akina mama wa vijiji jirani walisikia habari ile, na waliisikia kwa nani: kwa wakili, kwa padri, kwa diwani, au sokoni? Mabaraza ya ukoo yalianza kugawa urithi namna nyingine, au yalitafuta njia ya kuizunguka hukumu? Maswali haya yanahitaji mtu anayejua kusoma hukumu na pia anayejua kukaa barazani akasikiliza bila haraka. Ndiyo maana tumo humu wanasheria, wanahistoria na wanaanthropolojia pamoja, na tunahitaji zaidi.

Jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba hukumu moja haibomoi sheria yote inayoizunguka. Kanuni za urithi za Tangazo lilelile ziliendelea kutumika. Wajane wawili wa Kisukuma, waliotolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume zao, walikwenda Mahakama Kuu miaka kumi na mitano baada ya hukumu ya Mwanza. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila zile ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa dosari ya kiufundi. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki mwaka 2015. Ukiyaweka mashauri haya mawili mezani pamoja, unaona jinsi ushindi wa 1990 ulivyokuwa mkubwa kama kauli na mdogo kama kinga. Mimi naona bado ulikuwa na thamani kubwa, kwa sababu uliwapa mawakili wa wajane wale mahali pa kuanzia.

Kuna hukumu zilizopenya hadi ndani ya sheria za nchi. Wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu vijijini, wakulima wengi walipoteza mashamba yao ya asili yakagawiwa wengine. Baadhi yao walifungua mashauri wakashinda, na serikali, ikiona wimbi linakuja, ilipitisha sheria mwaka 1992 ya kufuta haki zile za kimila na kuwafungia wadai milango ya mahakama. Lohay Akonaay na mwanawe, wa upande wa Karatu, walikwishashinda shauri lao, na sheria mpya ilitaka kuufanya ushindi huo kuwa bure. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, nayo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliweka wazi kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na serikali. Leo mwanakijiji anayeshika cheti chake cha hakimiliki ya kimila anafaidi hoja zilizojengwa na watu ambao huenda hajawahi kuwasikia.

Usizidharau kesi zilizoshindwa. Mwaka 1913 Wamasai, wakiongozwa na Parsaloi ole Gilisho, waliishtaki serikali ya kikoloni ya Kenya kwa kuwahamisha kutoka Laikipia kinyume cha mapatano ya 1904. Mahakama ilisema mapatano yale ni mkataba na taifa la kigeni, kwa hiyo haina mamlaka ya kuyasikiliza. Hoja hiyo ilikuwa ya ajabu na ya kikatili, kwani watu walewale waliotawaliwa kila siku kama raia wa chini waligeuzwa wageni siku waliyodai haki. Walishindwa. Hata hivyo, mwaka 2004 vijana na wazee wa Kimasai waliandamana wakidai Laikipia, wakisema miaka mia ya mapatano imekwisha.

Kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau inatuweka katika hali ngumu zaidi. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao, ikiwemo haki ya ardhi ya mababu na ya dini yao. Juni 2022 ikaamuru fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara ya nafsi, pamoja na hatua za kuwarudishia ardhi. Mwishoni mwa 2023 nyumba za Waogiek zilikuwa zinabomolewa tena. Kukazia hukumu ni kazi ya serikali ileile iliyoshindwa, na hapo ndipo utafiti mwingi unahitajika kwa sasa.

Ukitaka kuanza, anza na jalada la Mahakama ya Mwanzo kabla ya kufungua ripoti za sheria. Humo mashahidi huongea Kiswahili chao, na wazee wa mahakama hutoa maoni yao. Shauri likipanda juu, sauti hizo huingia katika Kiingereza cha mawakili na nyingi hupotea njiani. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2021 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote Tanzania, ila majalada ya miaka sitini iliyotangulia bado yanangoja msomaji mvumilivu. Ukimaliza jalada, nenda kijijini, uombe ruhusa ya mwenyekiti, kisha uwatafute pia waliopoteza shauri. Watakuambia mambo ambayo jaji hakuulizwa.