Mita 366 zilizoushinda mtandao

Kuna namba mbili zimekataa kunitoka kichwani: 32,000 na 40. Zimo mwanzoni mwa andiko la kitaalamu la mwaka 1988 la Van Jacobson, aliyeshirikiana na Michael Karels.

Oktoba 1986, anaeleza Jacobson, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley, alikofanyia kazi, na Chuo Kikuu cha California kilicho chini ya kilima yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Umbali ni yadi 400, kama mita 366. Biti 40 ni herufi tano tu. Ukurasa wa herufi 2,000, uliokuwa ukivuka kwa nusu sekunde, sasa ulihitaji karibu dakika saba. Mtu angeteremka kwa miguu na karatasi yake akaikabidhi kabla kompyuta haijamaliza.

Waya haukukatika. Kilichoziba njia ni pupa. Kompyuta isiyopata jibu mapema ilidhani pakiti yake, yaani kipande cha data, imepotea, ikatuma nyingine. Kumbe ya kwanza ingali kwenye foleni. Nakala zikarundikana, majibu yakazidi kuchelewa, na mashine zikazidi kutuma.

Jacobson alijiuliza: TCP, programu inayosimamia utumaji huo, inakosea, au inaweza kurekebishwa ihimili hali mbaya? Jibu lake kwa yote mawili: ndiyo. Kanuni aliyoisimamia ni kwamba pakiti mpya isiingie njiani mpaka ya zamani itoke. Kompyuta ianze na kidogo, iongeze kadiri majibu yanavyorudi, na pakiti ikipotea ipunguze kwa nusu. Hakuna trafiki wa kuisimamisha, inajizuia yenyewe. Uungwana huo ndio ulioinusuru intaneti.

Lakini kasi imekua. Kwenye njia ya biti bilioni 10 kwa sekunde, ambapo pakiti huenda na jibu kurudi kwa sekunde 0.1, TCP ya zamani ikishapunguza nusu huchukua zaidi ya saa nzima kurejea ilipokuwa. Mwaka 2016 Jacobson na wenzake wa Google walitoa mbinu ya BBR, inayopima uwezo wa njia badala ya kusubiri pakiti zipotee. Watafiti wakakuta toleo la kwanza, katika mazingira fulani, likizipora mashine nyingine nafasi yao njiani.

Nani basi apime fungu la haki, ikiwa kampuni moja yaweza kubadili mwendo wa mashine zake zote? Na asiyetaka kujizuia atazuiwa na nani?

Wanaofundisha vijana wetu kompyuta waanze na kisa hiki. Kupanua njia bila kuzifunza mashine kiasi hakuondoi foleni.