"Meno ya plastiki": mtoto ni amana

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetukabidhi watoto wawe amana mikononi mwetu. Wazazi wa Buigiri na Dodoma nzima, tuizungumze khabari ya "meno ya plastiki". Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ameota meno mabaya. Basi huchanwa ufizi, nayo yakachokolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli.

Kile kivimbe cheupe ni chipukizi la chonge, jino alilojaaliwa na Mola wake. Kulichokoa huleta kuvuja damu, pepopunda, hata virusi vya Ukimwi, na huweza kuliharibu jino la kudumu lililo chini yake. Sharia haituruhusu kumdhuru mtoto.

Homa na kuharisha vina sababu nyingine. Mama aendelee kunyonyesha, mtoto apewe maji ya ORS, na apelekwe zahanati upesi.

Jino likishachomoza, lisafishwe asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele. Mtume (S.A.W.) alihimiza mno mswaki, nasi tuwazoeze wanetu mapema.

Wabillahi tawfiq.